Kimo cha Mpira na Upeo wa Kiswahili

Na mwalimu wa Kiswahili, Cibitoke, Bujumbura

Kuna kauli ambayo imezoeleka mno katika vyumba vya walimu wa mji wetu, hata imekuwa kama sala ya asubuhi: ati Kiswahili ni lugha ya soko, ya gereji, ya kituo cha basi na ya nyimbo, lakini si lugha ya kufikiria mambo mazito. Wanaoitoa kauli hiyo si watu wabaya. Wengi wao ni walimu hodari, wenye vyeti vyao, na baadhi yao, jambo la kusikitisha zaidi, ni walimu wa Kiswahili hichohicho. Ukiwaomba ushahidi hawakosi mfano, na mfano wanaoupenda kuliko yote hutoka katika hisabati. "Haya, mwalimu," husema, "tufundishie kwa Kiswahili chako namna ya kutafuta kimo cha juu kabisa cha kitu kilichorushwa hewani, kwa njia ya fanksheni ya kipeo cha pili." Kisha hucheka, na kicheko hicho ndicho huchukuliwa kuwa hoja.

Makala haya yamekusudiwa kukijibu kicheko hicho. Sitakijibu kwa kuusifu utamu wa lugha yetu, maana sifa hizo tumezitoa miaka mingi katika mikutano na sherehe, wala hazijamfundisha mtoto hata mmoja kupiga hesabu. Nitakijibu kwa kulitenda hilohilo linalodaiwa kuwa haliwezekani, kisha nieleze kwa nini jambo hili ni letu sisi walimu wa lugha, na si la wenzetu wa hisabati peke yao.

SOMO LENYEWE

Tumchukue kijana wa Cibitoke amesimama uwanjani, akarusha mpira wima kwenda juu. Nimechagua mpira kwa makusudi. Vitabu vingi vya hisabati hupenda mfano wa mzinga na risasi yake. Lakini watoto wa mitaa ya kaskazini ya Bujumbura wamekwisha kurithi simulizi za kutosha za vitu vya namna hiyo, kutokana na vita vilivyoanza mwaka 1993. Mpira unatosha.

Mkono wa kijana unauachia mpira mita 1.8 kutoka ardhini, na mpira unaondoka kwa kasi ya mita 12 kwa sekunde. Twataka kujua mambo mawili: mpira utafika juu kiasi gani, na utafika huko baada ya muda gani.

Kwanza tuwaze kwamba dunia haiuvuti mpira. Ingekuwa hivyo, mpira ungepanda mita 12 katika kila sekunde pasipo kuchoka, na baada ya sekunde t kimo chake kingekuwa 1.8 + 12t. Lakini dunia huuvuta. Mvuto huo huipunguza kasi ya mpira kwa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Kwa usahihi zaidi ni 9.8, nasi twachukua 10 ili hesabu iwe nyepesi. Kitu kilichoachiwa kianguke, pasipo kizuizi cha hewa, huanguka mita 5 mara t mara t katika sekunde t. Basi kiasi hicho hatuna budi kukitoa katika kimo cha kwanza. Tukikiita kimo cha kweli k, twapata:

k = 1.8 + 12t − 5t²

Hiyo ndiyo fanksheni ya kipeo cha pili. Neno fanksheni lisimtishe mtu. Ni uhusiano ambao, ukiupa wakati mmoja, hukurudishia kimo kimoja tu. Nayo huitwa ya kipeo cha pili kwa sababu kipeo kikubwa kuliko vyote cha t kilichomo ni cha pili, yaani t iliyozidishwa kwa t yenyewe.

Sasa tuupe uhusiano huo nyakati mbalimbali, tuone unaturudishia vimo gani:

sekunde 0: mita 1.8
sekunde 0.4: mita 5.8
sekunde 0.8: mita 8.2
sekunde 1.2: mita 9.0
sekunde 1.6: mita 8.2
sekunde 2.0: mita 5.8
sekunde 2.4: mita 1.8

Mwanafunzi yeyote, hata yule anayekaa nyuma kabisa darasani, ataona kwamba orodha hii inasomeka sawasawa kutoka juu na kutoka chini. Kimo cha sekunde 0.8 ni kilekile cha sekunde 1.6, kimo cha sekunde 0.4 ni kilekile cha sekunde 2.0. Mpira unashuka kwa hatua zilezile ulizopandia. Kwa hiyo kilele kiko katikati kabisa, baina ya sekunde 0 na sekunde 2.4, yaani katika sekunde 1.2, na hapo kimo ni mita 9.

Tena atazame jinsi mpira unavyoshuka kutoka kileleni. Katika muda wa kwanza wa sekunde 0.4 unashuka mita 0.8, katika wa pili mita 2.4, katika wa tatu mita 4.0. Mita 2.4 ni mara tatu ya 0.8, na mita 4.0 ni mara tano yake. Moja, tatu, tano: huo ni mfuatano wa namba witiri, nao ndio utaratibu wa vitu vinavyoanguka ambao Galileo aliuthibitisha zaidi ya miaka 380 iliyopita.

Lakini mwenye shaka ana haki ya kuuliza: mbona tumepima nyakati saba tu? Huenda katika sekunde 1.1 au 1.3 mpira uko juu zaidi ya mita 9. Orodha haiwezi kumjibu. Lazima tutoe hoja. Twaipanga upya kanuni yetu kwa njia ya kukamilisha mraba:

k = −5(t² − 2.4t) + 1.8

Nusu ya 2.4 ni 1.2, na mraba wa 1.2 ni 1.44. Twaiongeza 1.44 ndani ya mabano na papo hapo twaitoa, ili thamani isibadilike:

k = −5[(t − 1.2)² − 1.44] + 1.8

k = −5(t − 1.2)² + 7.2 + 1.8

k = 9 − 5(t − 1.2)²

Sasa na tuisome kanuni hii kama tusomavyo sentensi. Namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haiwezi kuwa hasi: ama ni sifuri, ama ni zaidi ya sifuri. Basi kile kinachotolewa katika 9 hakiwezi kamwe kuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo k haiwezi kuzidi 9, wala haifiki 9 isipokuwa pale t inapokuwa 1.2. Yule mwenye shaka amejibiwa, si kwa sekunde 1.1 na 1.3 tu, bali kwa kila sekunde iwezayo kutajwa.

Anayetaka kuhakiki kwa njia nyingine na aitumie kasi. Kasi ilianza na 12, ikapungua kwa 10 katika kila sekunde, hivyo ikaisha baada ya sekunde 1.2. Kwa kuwa ilipungua kwa kiasi kilekile siku zote, wastani wake ulikuwa nusu ya 12, yaani 6. Mita 6 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde 1.2, ni mita 7.2. Ongeza mita 1.8 za mkono, na jawabu ni mita 9.

Somo limekwisha. Naomba msomaji arudi juu ahesabu ni mara ngapi Kiswahili kilishindwa.

SARUFI NDIYO ILIYOBEBA HOJA

Wapo watakaosema kwamba alama ndizo zilizofanya kazi yote, na lugha ilikuwa mapambo. La hasha. Alama hazikusema kwa nini tunatoa 5t² badala ya kuiongeza. Alama hazikusema kwa nini orodha ya nyakati saba si uthibitisho. Kilichosema hayo ni maneno yetu ya kawaida: kama, basi, kwa hiyo, isipokuwa, kamwe, ama, wala.

Ndugu mwalimu mwenzangu, tazama tena ile sentensi ya mpira usiovutwa na dunia: ingekuwa hivyo, mpira ungepanda. Hiyo ni -nge-, ambayo sote tunaifundisha kwa mifano ileile ya mtu ambaye angekuwa tajiri angenunua gari. Tazama: namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe. Hiyo ni -ki- ya sharti. Tazama: pale t inapokuwa 1.2. Hiyo ni -po- ya wakati na mahali. Viambishi hivi tunavifundisha kila mwaka kana kwamba ni vitu vya kutiwa katika jedwali la mtihani, kumbe ndivyo vyombo ambavyo binadamu anayesema Kiswahili hufikiria kwavyo jambo lisilokuwapo, jambo lenye sharti, na jambo la wakati maalumu. Mwanafunzi asiyeijua tofauti ya "ukizidi" na "ungezidi" hatafahamu uthibitisho wowote, na kazi ya kumwelewesha tofauti hiyo ni yetu.

Na hata istilahi zenyewe hazikutoka mbali. Neno kipeo, kabla halijaingia darasani, lilikuwa na maana ya kikomo cha juu, upeo wa jambo. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi za Tanzania vikalichukua kwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe: kipeo cha pili, kipeo cha tatu, na kinyume chake kikaitwa kipeuo. Hivyo mwalimu anayefundisha somo la kitu kilichorushwa anazo maana mbili za kipeo ndani ya swali moja: fanksheni ya kipeo cha pili, ambayo hutumiwa kutafuta kipeo cha mpira. Mwalimu mzembe ataona hapo mkanganyiko. Mwalimu makini atawaambia wanafunzi kwamba kwa ile maana ya mahali pa juu tutasema kilele, na kwa ile ya hesabu tutasema kipeo, kisha atawaachia dakika tano wajadiliane kwa nini lugha iliziweka maana hizo mbili katika nyumba moja. Dakika hizo hazipotei.

HOJA ZA WAPINZANI

Nitazichukua hoja tatu ambazo si kicheko, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza: istilahi za Kiswahili hazijatulia. Hili ni kweli. Mmoja husema mlinganyo, mwingine husema ikwesheni. Mmoja husema kasi, mwingine mwendokasi. Lakini istilahi hutulia kwa kutumika, wala hazitulii kwa kungoja. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ni zaidi ya miaka 30 sasa. Kamusi ikikaa rafini, maneno yake hayatatulia hata yakichapishwa upya mara kumi. Na yakitiwa katika vinywa vya watoto, yale mazuri yatabaki na yale mazito yataanguka yenyewe, kwani watoto hawana adabu kwa istilahi mbovu.

Tena wanaoikimbilia hoja hii wamemsahau Al-Khwarizmi. Mtaalamu huyo aliandika huko Baghdad, katika karne ya 9, kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Hakuwa na alama ya x, wala ya kujumlisha, wala ya usawa. Milinganyo yake yote ya kipeo cha pili aliiandika kwa maneno matupu, na njia ya kukamilisha mraba aliithibitisha kwa kuchora mraba halisi na kuueleza. Kama hisabati hiyo iliweza kuishi katika maneno matupu ya Kiarabu, haitakufa katika maneno ya Kiswahili, ambacho kutoka Kiarabu hichohicho kilikwisha kupokea hesabu, sifuri, nusu, robo, mraba na wastani.

Hoja ya pili: mtihani ni wa Kifaransa. Hili nalo ni kweli, wala sina nia ya kumdanganya mzazi. Katika Burundi, baada ya miaka ya mwanzo inayofundishwa kwa Kirundi, Kifaransa ndicho lugha ya hisabati, na mtoto asiyeweza kuandika jawabu lake kwa Kifaransa atalipa gharama yake mwenyewe. Sisemi mtihani ubadilishwe kesho. Tanzania yenyewe, yenye mizizi mirefu ya Kiswahili kuliko sisi, ilipata mwaka 1982 mapendekezo ya Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari; mapendekezo hayo hayakutekelezwa. Anayeahidi kwamba Bujumbura itafanya kwa mwaka mmoja lile ambalo Dar es Salaam haikulifanya wakati ule, huyo anauza maneno.

Lakini kuandika jawabu kwa lugha fulani ni jambo moja, na kulifahamu jawabu ni jambo jingine. Nimeyaona madaftari. Mwanafunzi amekariri kwa Kifaransa kwamba kilele hupatikana kwa kugawanya b yenye alama ya kutoa kwa mara mbili ya a. Ameandika 12 na 5 mahali pake, akapata 1.2, akaipigia mstari. Ukimwuliza kama hiyo 1.2 ni mita au ni sekunde, anakutazama. Mwingine ameulizwa mpira uko wapi baada ya sekunde 3, amepata −7.2, akaipigia mstari mara mbili kwa rula. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Hakuna kosa hata moja la kuzidisha. Ila mpira wake umezama zaidi ya mita saba ndani ya udongo wa Cibitoke, naye hakustuka, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwa lugha anayostukia: "Mwanangu, mpira umekwenda wapi?" Ukimwuliza hivyo atacheka mara moja, na akishacheka ataeleza yeye mwenyewe kwamba mpira uligusa ardhi baada ya sekunde mbili na nusu na kidogo, na kwamba kanuni haina kazi tena baada ya hapo. Yaani, atakuwa ameeleza mipaka ya fanksheni, jambo ambalo vitabu huliwekea ukurasa mzima.

Mtoto huyo hakukosa akili. Alikosa lugha ya kuibebea. Na katika nchi ambamo mtihani mmoja humtenga anayeendelea na anayerudi nyumbani, kosa hilo halibaki daftarini. Linamfuata mtu maisha yake yote, huku akiamini kwamba hisabati ilimshinda.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: lugha ya watoto wetu ni Kirundi, kwa nini basi Kiswahili? Najibu kwamba sigombani na Kirundi. Mwalimu anayeweza kulieleza somo hili kwa Kirundi na alieleze, nami nitampigia makofi. Lakini tusijifanye hatuujui mji wetu. Buyenzi na Bwiza zimeishi kwa Kiswahili vizazi kwa vizazi. Cibitoke, Kamenge na Kinama hukisikia kila siku, kutoka kwa madereva, mafundi na wafanyabiashara wa kwenda Uvira na Kigoma. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kijana atakayesoma au kufanya kazi Arusha au Mombasa atahitaji Kiswahili kinachojua zaidi ya kusalimu na kupatana bei. Tunacho tayari Kiswahili cha bei. Kinachokosekana ni Kiswahili cha kwa nini.

Na iko sababu nyingine, ambayo hatuisemi waziwazi. Katika mazungumzo ya nchi yetu, kumwita mtu Umuswahili mara nyingi ni kumwita mjanja, mtu wa mjini asiyeaminika. Dharau hiyo haitaondolewa kwa kulalamika. Itaondoka siku ambapo watoto watakuwa wamezoea kuisikia lugha hii ikisema mambo yaliyothibitishwa, yasiyobadilika kwa kelele wala kwa ujanja. Kimo cha mita 9 hakipatanwi.

LATINI NA KIITALIA

Wanaotuambia kwamba elimu lazima isemwe kwa lugha yake rasmi tu, na wakifungue kitabu ambamo elimu ya vitu vinavyorushwa ilizaliwa upya. Galileo alikichapisha mwaka 1638 mjini Leiden, naye wakati huo alikuwa mzee, kipofu, na amezuiliwa nyumbani kwake. Katika siku ya nne ya mazungumzo ya kitabu hicho ndimo alimothibitisha kwamba kitu kilichorushwa hufuata mkunjo uitwao parabola.

Sasa tazameni jinsi alivyokiandika. Maelezo rasmi ya mwendo, pamoja na vithibitisho vyake, aliyaandika kwa Kilatini, lugha ya vyuo na ya mitihani ya zama zake. Lakini maelezo hayo yanasomwa na marafiki watatu, na kila wanapofika mahali pagumu hukisimamisha kitabu wakajadiliana: mmoja haelewi, mwingine ana shaka, wa tatu anafafanua. Na majadiliano hayo yote ni ya Kiitalia, lugha ya nyumbani kwao. Kilatini kilitunza jawabu. Kiitalia kilifanya kazi ya kuelewa. Galileo hakuona kwamba moja inaifukuza nyingine.

Hicho ndicho kiasi cha ninachodai. Kifaransa na kiwe Kilatini chetu katika karatasi ya mtihani, madhali sheria na vitabu ndivyo vilivyo. Lakini mahali pale pagumu, mwanafunzi anaponyosha mkono, na apewe lugha ya kujadiliana.

LAWAMA YETU

Yafaa sasa tujilaumu kidogo sisi wenyewe, walimu wa Kiswahili, kwa sababu wanaotucheka tumewapa kuni. Mtoto anakisoma Kiswahili mwaka baada ya mwaka, na katika miaka hiyo anapewa nini? Maamkizi, ngeli, methali, barua kwa mjomba, na insha ya siku ya sikukuu. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Tukacheza ngoma, tukaghani ngonjera. Lakini lugha ya kazi hupimwa kwa kazi. Tukiendelea kuifundisha kama lugha ya sherehe tu, tusishangae wakiichukua kuwa ya sherehe tu.

Napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji bajeti wala ruhusa ya wizara.

Kwanza, katika mafunzo ya -nge-, -ki- na -po-, tuweke mifano ya hoja kando ya mifano ya matajiri na magari. Mpira uliorushwa unatosha kwa majuma mawili ya sarufi.

Pili, katika vifungu vya ufahamu tuingize habari zenye hesabu ndani yake. Mwaka 2015, mjini Beijing, Mkenya Julius Yego alishinda ubingwa wa dunia kwa kurusha mkuki umbali wa mita 92.72. Magazeti yaliutangaza umbali, lakini je, mkuki ulifika juu kiasi gani? Kitu kikirushwa kutoka usawa wa ardhi kwa pembe ya digrii 45, pasipo kizuizi cha hewa, kimo chake cha juu huwa robo ya umbali wake. Robo ya 92.72 ni 23.18. Lakini warusha mikuki huurusha kwa pembe ndogo kuliko hiyo, na mkuki hubebwa na hewa. Basi je, jawabu la kweli li juu au chini ya mita 23? Mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kutetea jibu lake. Hiyo ni insha, na ni insha ngumu kuliko ya sikukuu.

Tatu, kila mwalimu wa Kiswahili amwendee jirani yake wa hisabati, amwombe mada moja katika kila muhula, waipange pamoja: yeye aifundishe kwa Kifaransa kama apasavyo, nasi tuijadili na wanafunzi walewale kwa Kiswahili juma hilohilo. Kisha wote wawili wayatazame madaftari, wahesabu mipira iliyozama ardhini.

Wenzetu wanaocheka na waendelee kucheka hadi hapo. Mimi sidai waamini maneno yangu kabla ya hesabu hiyo kufanywa. Nadai tu kwamba, kabla hawajasema tena kuwa Kiswahili hakiwezi, wakionyeshe kile kipande cha somo la mpira ambacho hakikusemeka: ni mstari gani, ni hatua gani, ni neno gani. Wasipokiona, basi wanyamaze watupishe tufanye kazi.